Simu ya duka anashika nani? Jinsi ninavyoendesha kazi ya matangazo mtandaoni

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza kwanza programu ya kutengenezea posti. Mimi huwarudishia swali: simu ya duka anashika nani, na anajibu baada ya muda gani? Nasimamia kurasa za maduka madogo hapa Dar es Salaam, mengi yako Kariakoo, machache Sinza na Mwenge. Tangazo liwe zuri namna gani, haliliokoi duka ambalo meseji ya saa mbili usiku inajibiwa kesho yake saa nne asubuhi. Mteja keshanunua kwa jirani. Ndiyo maana kazi yangu naianzia mwisho, kwenye meseji, halafu narudi nyuma taratibu mpaka kwenye tangazo. Nitaeleza kwa mpangilio huohuo.

Meseji kwanza

Duka liwe na laini yake, na laini hiyo iwekwe kwenye WhatsApp Business, ambayo ni ya bure. Usitumie namba binafsi ya mwenye duka, ile yenye makundi ya familia, ya kikoba na ya michango ya harusi; oda itazama humo na hamtaiona tena. Laini isajiliwe kwa alama za vidole za mwenye duka mwenyewe, si zako wewe unayemfanyia kazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, wenye tarakimu sita, na tarakimu hizo azijue yeye. Akaunti moja hukubali simu kuu na vifaa vingine vinne, kwa hiyo muuzaji aliyepo dukani na wewe uliyeko nyumbani mnaona meseji zilezile bila kugombea simu.

Humo ndani kuna mambo mengi, ila yanayolipa ni majibu ya haraka na lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo ya kila mteja.

Majibu ya haraka hufanya kazi hivi: unaandika mkwaju na neno fupi, kwa mfano /kanga, na jibu zima linatokea. Nina mteja anayeuza kanga mtaa wa Kongo. Jibu lake la kwanza tuliliandika hivi: "Karibu sana dada. Doti ni 12,000. Tunazo nyekundu, bluu na ya kijani. Tupo Kariakoo, mtaa wa Kongo. Ukiwa Dar tunakuletea kwa boda, nauli juu yako. Ukiwa mkoani tunapakia kwenye basi leo jioni. Nikuwekee rangi gani?"

Tazama mambo mawili hapo. Bei imetajwa, na jibu limeishia kwenye swali ambalo mtu analijibu kwa neno moja. Ukimaliza kwa "karibu", mteja naye anajibu "asante", na biashara imeishia hapo.

Hili la bei linanichosha kusema. Wenye maduka wanapenda kuandika "bei inboksi" kwa kuogopa jirani wa fremu ya pili asiwashushie. Jirani bei yako anaijua tangu asubuhi, alimtuma kijana aulize. Asiyeijua ni mteja wa Tabora, na yeye akiona "bei inboksi" anahisi ataangaliwa sura kwanza ndipo apangiwe. Kama bidhaa zina bei tofauti, andika "kuanzia" na uweke ya chini kabisa.

Lebo ninazotengeneza ni hizi: Kauliza, Anasubiri mshahara, Kalipa, Mzigo umetoka, Kapokea. Hiyo ya pili ndiyo yenye hela. Mtu akisema "subiri mwisho wa mwezi", wauzaji wengi hulichukulia kama kukataliwa kwa heshima, na kweli wapo wa hivyo. Lakini kuanzia tarehe ishirini na kitu, mishahara inapoanza kuingia, fungua lebo hiyo na umwandikie kila mmoja kwa jina lake, umkumbushe rangi aliyoiulizia. Usiwamwagie wote ujumbe mmoja. Orodha ya kutuma kwa pamoja hubeba watu 256, na hata hao, asiyehifadhi namba yako haupati.

Sasa linki ya kumleta mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp ya duka. Weka wa.me/ halafu namba kuanzia na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Ukiongeza ?text= na maneno, mteja akibonyeza anakuta meseji imeshaandikwa, yeye ni kutuma tu. Nafasi kati ya maneno iandike %20. Uzuri wake ni kwamba kila mahali unaweka maneno tofauti. Linki ya wasifu wa Instagram inasema "Naomba kuona kanga mpya". Iliyoko Facebook inasema "Naulizia kanga za duka la Kongo". Ya kwenye kadi za dukani inasema "Nilifika dukani". Wengi hutuma bila kubadilisha hata herufi, na wewe umeshajua katokea wapi bila kumhoji.

Ukiwa hapo, fungua pia wasifu wa duka kwenye Google, nao ni bure. Kwa Kariakoo, ramani peke yake haitoshi, jengo moja lina fremu kama sega la nyuki. Piga picha ya mlango wa jengo, ya ngazi, kisha ya duka lenyewe, na taja ghorofa.

Daftari

Kuna wenzangu wanalipia programu za kufuatilia wateja kwa dola kila mwezi. Kwa duka lenye oda kumi kwa siku ni kujitesa. Mimi natumia Google Sheets, na muuzaji ambaye hapendi kubonyezabonyeza anatumia kaunta buku, jioni ananipigia picha kurasa za siku hiyo. Safu ni saba: tarehe, jina, namba, katokea wapi, kataka nini, kalipa kiasi gani, mzigo umekwenda wapi. Usiongeze ya nane mpaka hizi saba zijazwe mwezi mzima bila kusukumana.

Faida ya daftari inaonekana siku ya hesabu. Tuseme wiki hii tangazo limekula 70,000. Meseji zilizoingia ni 140, waliolipa ni 20. Kila meseji imekugharimu 500, na kila aliyenunua amekugharimu 3,500. Kama faida ya doti moja ni 2,500 na kila mtu amechukua doti moja, umepoteza 1,000 kwa kila mteja huku simu ikilia mchana kutwa na mwenye duka akikusifia kwa kazi nzuri.

Hapo wengi wanakimbilia kubadilisha picha. Subiri kwanza, rudi kwenye safu ya tano. Kwa yule mama wa kanga, daftari lilionyesha kwamba kati ya wanaonunua mojamoja walikuwepo wachache wanaotafuta sare: za kitchen party, za kikoba, za msiba wa arobaini. Mmoja wa hao huchukua doti ishirini au thelathini kwa mkupuo. Basi tangazo lililofuata halikusema "kanga nzuri zimefika". Lilisema sare kuanzia doti kumi, bei ya jumla, na tunakutumia picha yenye jina linalosomeka. Meseji zilipungua sana. Mama akalalamika kwamba simu imenyamaza. Nikamfungulia daftari, akaona safu ya malipo, akanyamaza na yeye.

Hilo la jina kusomeka si pambo. Mtu anayemnunulia wifi yake kanga hawezi kulipa kabla hajajua imeandikwa nini. Kanga moja inabariki, nyingine inarusha kijembe. Picha iliyokunjwa vizuri kama ya dukani, jina likiwa limefichwa ndani, itakuletea swali la pili na la tatu, na kila swali ni nafasi ya mteja kupotea. Tandika kanga chini, ipige kutoka juu, jina lisomeke bila kuvuta picha.

Kuhusu malipo: mzigo hautoki kwa skrinshoti. Meseji ya muamala inatengenezwa na mtoto wa shule kwa dakika mbili. Muuzaji atazame salio la lipa namba au taarifa ya miamala kwenye simu ya duka, ndipo afunge kifurushi. Mteja wa kweli akiambiwa "subiri kidogo nihakiki" haoni shida. Anayewaka na kutaja boda kwamba yuko nje anasubiri, huyo mcheleweshe zaidi.

Tangazo lenyewe

Usiombe neno la siri la mteja wako. Akaunti ya matangazo iwe yake, chini ya jina la biashara yake huko Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, na yeye akupe ruhusa ya kuifanyia kazi kama mshirika. Kadi inayolipa iwe yake pia, hata kama ni kadi ya mtandaoni ya kwenye pochi ya simu. Hela ya matangazo ikipita mkononi mwako, siku ikipungua utaulizwa wewe.

Kitufe cha kubusti, yaani kulipia posti ionwe na watu wengi zaidi, kinafaa kwa haraka, lakini Ads Manager, sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo, ndiyo inayokupa uchaguzi wa maana: mji gani, watu gani, na unataka nini kitokee. Kwa maduka haya mimi huchagua mazungumzo ya WhatsApp. Sababu ni ya kimahesabu. Meta wanasema tangazo linahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili mfumo umalize kujifunza nani wa kuonyeshwa. Duka dogo halipati mauzo 50 kwa wiki kupitia tovuti, na mara nyingi tovuti yenyewe haipo, lakini meseji 50 linapata. Ukishaliwasha, litulie. Kila ukibadilisha mambo makubwa, linaanza kujifunza upya kwa hela yako.

Anayetumia iPhone asikilize: mwaka 2024 Meta walitangaza kwamba ukibusti ndani ya programu za Facebook na Instagram za iPhone, inaongezeka ada ya Apple ya asilimia 30, na kwamba ukipitia kwenye kivinjari ada hiyo haipo. Fungulia kwenye kivinjari.

Kabla ya kuandika tangazo lolote, pita kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta. Ni bure. Unachagua Tanzania, unaandika bidhaa, unaona matangazo yanayokwenda sasa hivi na tarehe yalipoanza. Tangazo la mshindani lililoanza juzi halinifundishi kitu. Lililokaa miezi, maana yake mtu ameendelea kulilipia; hilo nalisoma neno kwa neno.

Video sina mengi. Simu ya kawaida, mwanga wa mlangoni, wima 1080 kwa 1920, maandishi yakae katikati maana juu na chini programu inafunika. CapCut kwa kukata, Canva kwa maandishi. Mkono unaokunjua kanga unauza kuliko nembo inayozunguka. Wafuasi wa kununua, hapana. Hao hawana hata mkoa wa kupelekewa mzigo.

Siku mtandao ukilala

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima, kwa saa zetu kuanzia jioni baada ya saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa saba usiku, yaani kipindi chote cha watu kununua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania na majirani ikawa ya kusuasua. Kwa hiyo namba za wateja zisikae ndani ya WhatsApp peke yake. Ziko kwenye daftari, na daftari lina nakala kwenye simu inayofunguka bila bando. Mtandao ukilala, muuzaji anawatumia wenye oda SMS ya kawaida au anapiga.

Ila kuwa na namba za watu ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Orodha ya duka la kanga usimpe rafiki yako anayeuza viatu, hata akikuomba kwa upole. Mteja akisema "niondoe", mwondoe siku hiyohiyo.

Hela yako wewe

Toza ada ya mwezi, ilipwe mwanzoni, na itenganishwe kabisa na hela ya matangazo. Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andika mkataba wa ukurasa mmoja: kurasa, laini na akaunti ni mali ya duka, meseji zitajibiwa na nani kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani atajibu usiku. Kila Ijumaa mpelekee mwenye duka ujumbe wa mistari mitatu: imetumika kiasi gani, wamelipa wangapi, wiki ijayo tunabadilisha nini. Laiki usizitaje, akizoea kuzisikia atakuwa anaziulizia kila wiki.

Utakutana na yule anayesema, "Wewe weka tangazo tu dada, meseji nitajibu mwenyewe nikipata nafasi." Mimi simbishii. Nampa wiki ya kwanza bila tangazo lolote: ajibu zile chache zinazoingia zenyewe, kila moja ndani ya dakika kumi na tano wakati wa saa za duka, na aziandike. Wiki ikiisha tunafungua daftari pamoja. Akiwa amejaza, tunawasha tangazo Jumatatu. Kama kurasa ni tupu, namwambia aajiri kijana wa kushika simu kwanza, na ada yake namrudishia.