Unakuja Changchun kwa michezo ya baridi? Soma hii kabla hujafunga begi

Januari 2027 jiji la Changchun, mkoa wa Jilin kule kaskazini mashariki mwa China, linapokea wanamichezo wanafunzi kutoka dunia nzima kwa ajili ya Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya msimu wa baridi, na hata ukiiweka hiyo pembeni, kila mwaka vijana wanakuja huku kwenye kambi za skii, mbio za theluji, au wameshapata skolashipu na chuo kinawapeleka mlimani wakajifunze. Mimi nasoma hapa, hii ni baridi yangu ya nne, na kila ikifika Novemba simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu wa Dar na Nairobi wakiuliza yale yale, kaka nibebe nini, kaka nitaganda? Hutaganda mdogo wangu. Ila kuna mambo lazima uyajue mapema, na kubwa kuliko yote ni jasho. Ndiyo, jasho, tulia nikueleze.

Januari hapa mchana unategemea kama -10, usiku -20 ni kawaida kabisa na kuna usiku inashuka zaidi ya hapo. Lakini ni baridi kavu, sio ile ya Njombe au Limuru yenye ukungu na manyunyu yanayopenya mpaka mifupani. Theluji ya huku ni kama unga wa sembe, ikikuangukia unajikung'uta inaondoka, haikulowanishi. Kwa hiyo maji yatakayokulowanisha hayatoki angani, yanatoka mwilini mwako, na nguo ikishalowa jasho halafu ukasimama kwenye -20, joto linakutoka haraka sana. Baridi yangu ya kwanza nilivaa masweta manne ya pamba na koti zito juu, nikachelewa basi la mazoezi nikakimbia, nikafika nimelowa mgongo mzima, basi likawa limeondoka, nikasubiri lingine dakika ishirini. Nilitetemeka mpaka meno yanagongana, na nilikuwa nimevaa nguo nyingi kuliko mtu yeyote pale kituoni. Wenyeji wenye nguo chache kuliko mimi walikuwa wanapiga stori tu.

Basi tuanze na nguo. Ile inayogusa ngozi isiwe pamba, pamba inanyonya jasho inabaki nalo. Tafuta ya kubana ya polista au ya sufu, juu na chini. Juu yake weka flisi, yaani sweta la kitambaa laini chenye manyoya manyoya, au sweta jepesi la sufu. Ya tatu ni koti la kuzuia upepo lenye zipu ndefu unayoweza kuifungua ukipata joto. Lile koti nene la manyoya ya bata ambalo kila mtu huku analo ni la kusimama na kusubiri, usiteleze nalo kwenye skii. Na usikimbilie kununua koti la bei mbaya dukani, nenda soko la mitumba, Karume au Gikomba, asubuhi wakati mabelo yanafunguliwa, makoti na suruali za skii kutoka Ulaya yamejaa mle na watu wanayapita kwa sababu hawajui ni ya nini, kagua tu zipu na mishono ya ndani. Buti ndio usicheze nazo, kama mguu wako ni namba 45 kwenda juu, au we ni dada unavaa 41, njoo nazo kutoka nyumbani maana maduka ya huku saizi hizo ni za kutafuta kwa tochi. Chukua kubwa kidogo kuliko saizi yako, vidole viwe na nafasi ya kucheza, buti ikibana damu haifiki na soksi nzito haikusaidii kitu. Mikononi vaa glavu za vidole nyembamba ndani, juu yake zile za mfuko, vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake.

Halafu kanuni yangu, ninamwambia kila mtu: ukitoka nje kwenda mazoezini, dakika kumi za mwanzo uhisi baridi kidogo. Ukitoka mlangoni unajisikia raha umejifunika vizuri, ujue umezidisha, ukianza tu kujituma utalowa. Punguza moja, iweke kwenye begi, na ukimaliza mazoezi ivae HAPO HAPO kabla hujaanza kupiga picha.

Upande wa pili wa hiyo habari ni ndani. Watu wanajiandaa na baridi ya nje wanasahau joto la ndani. Huku kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwanzoni mwa Aprili majengo yanapashwa joto kwa mabomba ya maji ya moto, wenyewe wanaita nuanqi, bwenini watu wanakaa na tisheti. Sasa unaingia kwenye mgahawa au darasani na koti lako lote, dakika tano jasho linakutiririka, unatoka nje tena, hapo ndio wageni wengi niliowaona wanapoanza kutetemeka. Ukiingia popote, hata kama ni kwenye basi kwa vituo vitatu, fungua zipu, vua kofia, vua glavu. Utaona wenyeji wanafanya hivyo bila hata kufikiri.

Safari yenyewe: wengi tunapitia Guangzhou au Beijing. Guangzhou Januari unaweza kutembea na shati, kwa hiyo koti, kofia na glavu viwe kwenye begi la mkononi, visiende na mizigo, kwa sababu mzigo ukichelewa utashuka Changchun na shati lako hilo hilo. Kutoka Beijing treni ya mwendokasi ni kama masaa manne mpaka matano, paspoti yako ndio tiketi, iweke karibu. Kama unapanda ndege za ndani ya China angalia pawabenki yako ina alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China, tangu Juni 28, 2025 zisizo nayo hazipandi ndege za ndani. Na usije bila pawabenki, maana betri ya simu kwenye baridi inashuka ghafla, unaona 40 asilimia mara imezima, na huku simu ndio pochi, ndio ramani, ndio mkalimani. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia huku, ukiwa bado nyumbani, weka na yuan kidogo za karatasi mfukoni kwa ajili ya siku simu itakapozima. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na ukiingia ndani iache ipate joto kwanza kabla ya kuchaji. WhatsApp na Google kwa intaneti ya kawaida ya China hazifunguki, laini ya nyumbani ikiwa na romingi inapitisha, mwambie mama mapema asije akadhani umepotea.

Ngozi sasa. Hewa ni kavu mno, midomo inapasuka, pua inatoa damu kidogo asubuhi. Njoo na mafuta ya mgando ya kutosha, jipake uso na masikio. Dada zangu wenye rasta au nywele za asili, osheni usiku na zikauke kabisa, usitoke na nywele mbichi, zinaganda zinakuwa kama waya na zinakatika. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na akae nayo ndani ya koti, hewa baridi kavu ukikimbia inaweza kukubana kifua, funika mdomo na pua kwa skafu nyepesi.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Dalili za kuumwa na barafu, yaani ngozi kuganda kwa baridi, vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu halafu nyeupe, kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huuoni vizuri. Tafuta sehemu imekuwa ya kijivu, imepauka kama nta, na haihisi kitu ukigusa: ncha ya pua, masikio, mashavu, vidole. Muwe wawili wawili, kila baada ya dakika kumi na tano mwangalie mwenzako usoni naye akuangalie. Ukiona, ingieni ndani, usisugue, usiweke kwenye bomba la joto, tumia maji ya uvuguvugu tu, na kama hisia hairudi nendeni hospitali. Zile pakiti za kujipasha joto wanaziita nuanbaobao, ndani kuna unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa, bandika juu ya nguo na sio kwenye ngozi, zinaunguza taratibu na unashtuka umeshaungua.

Haya, mlimani. Skii za kushuka mlima nyingi zipo upande wa jiji la Jilin, jina sawa na mkoa, chini ya saa moja kwa treni kutoka Changchun. Kuna Songhua Lake, na kuna Beidahu ambako skii za Michezo ya Asia ya baridi ya 2007 zilifanyika, Changchun ndio ilikuwa mwenyeji. Siku ya kwanza lipia mwalimu hata wa saa mbili, kodi helmeti. Kiatu cha skii kinatakiwa kikamate kifundo vizuri, na ndani soksi MOJA tu ndefu, mbili zinajikunja zinakutoa malengelenge. Kabla ya kujifunza kwenda jifunze kuanguka: unaanguka ubavuni, makalio kwanza, mikono mbele, usijizuie kwa kiganja nyuma maana kifundo cha mkono ndio kinavunjika. Kusimama unakaribisha ncha za mbele na kutanua visigino mpaka skii zinakuwa kama kabari, magoti yamekunjwa, uzito mbele kwenye ugoko. Wewe mwanariadha utajisikia una nguvu za kwenda njia ngumu siku ya pili, usiende, nguvu za miguu haziwezi kukupa breki, kaa kwenye alama ya kijani mpaka uweze kusimama pale unapotaka wewe.

Ila mimi moyo wangu upo kwenye skii za masafa marefu, na kwa watu wetu wenye pumzi nawashauri muanzie hapo. Pale Jingyuetan, msitu mkubwa na bwawa ndani ya Changchun yenyewe, tangu 2003 zinafanyika mbio za Vasaloppet China, watu wanateleza kilomita 50 katikati ya misonobari. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji, akaenda kujifunza skii Finland 1996, miaka miwili baadaye yuko Nagano, Japani, kwenye Olimpiki kilomita 10, alimaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Pumzi za kukimbia zinasaidia sana, kinachochelewa ni mizani, kwa hiyo wiki ya kwanza teleza bila fimbo, mguu mmoja mmoja, uwanja wa tambarare. Kwenye mashindano ya kimataifa ya skii hizi njia ikishuka chini ya -20 mbio zinasogezwa au zinafutwa, tumia kanuni hiyo hiyo kwenye mazoezi yako. Panga muda pia, kufikia saa kumi na moja jioni giza linaingia.

Kula vizuri, kwenye baridi mwili unachoma chakula kingi. Muislamu tafuta maandishi ya qingzhen, yaani halali, mara nyingi bango la kijani, tambi za nyama ya ng'ombe na kondoo zipo karibu kila mtaa, lakini guobaorou, ile nyama tamu ya kukaanga ya huku, ni nguruwe. Kiu hutaisikia ila maji yanakutoka kwa pumzi, kwa hiyo tembea na chupa ya chai, maji ya moto ni bure chuoni na stesheni. Na uonje peasi lililogandishwa, linakuwa jeusi, unaliloweka maji ya baridi mpaka litoe gamba la barafu nje, unalivunja, unatoboa unafyonza. Tamu jamani.

Ukipata asubuhi moja jiji la Jilin, amka kabla ya jua uende mtoni Songhua. Bwawa la umeme la Fengman lipo upande wa juu wa mto, maji yanayotoka chini ya bwawa hayagandi, mvuke unapanda unagandia kwenye mierebi ya kando mpaka miti yote inakuwa myeupe. Mimi nimeenda mara tatu na bado nitaenda.

Jioni ukirudi usilale kabla ya hii kazi: toa bitana ya buti, jaza magazeti ndani, weka karibu na bomba la joto lakini sio juu yake, glavu zigeuze ndani nje, soksi uzifue. Asubuhi gusa kwa mkono ndani ya kidole gumba cha buti. Kama bado kuna unyevu vaa jozi nyingine.