Vyombo vya nyumbani huku Kusini: uoshe kwa mkono au ununue mashine?

Siku hizi watu wanajenga, wanaweka sinki la maana na kabati za jikoni, alafu linakuja swali la mashine ya kuoshea vyombo, kwamba je inafaa nyumba za huku kwetu Mtwara na Lindi au ni hela ya kutupa. Mimi nasema kabla hujauliza bei ya mashine kayaangalie maji yako kwanza, maana mashine ni maji, umeme unakuja baadaye.

Chukua birika unalochemshia chai ulitazame ndani. Ukiona magamba meupe yameganda chini ujue maji yako yana chokaa, na visima vingi vya huku pwani viko hivyo. Mashine nyingi zina sehemu yake ndani ya kuyalainisha maji ya namna hiyo, ila unatakiwa uweke chumvi yake maalum, sio chumvi ya mezani, hii ya kwetu ya kupikia ni laini sana na inachanganywa na vitu vingine, inaziba. Sasa kuna na maji ya kisima yenye munyu, yale ukiyaonja ulimi unajua kabisa, hayo mashine haiwezi kuyatoa chumvi, glasi zitatoka na madoa na vyuma vitaanza kutu mapema. Kama hayo ndo maji yako ya kila siku na mvua unakinga kidogo tu, usinunue, nakwambia kabisa. Wenzetu wa kule juu Newala na Tandahimba, ambako maji ni shida ya miaka mingi, wanaoweka ya mvua kwenye kisima cha saruji wana maji laini mazuri tu, sabuni inatoa povu haraka, ila kwao kila ndoo ina hesabu yake.

Jambo la pili ni presha. Mashine nyingi zinataka angalau baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha), na maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki yanatoa baa 1 kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo tanki likiwa kwenye mnara wa mita 3 unapata kama baa 0.3 tu, mashine itakaa inasubiri maji mpaka ilete alama ya kosa. Au unyanyue tanki lifike mita 5 na zaidi juu ya mashine, au ufunge pampu ndogo. Zipo pia zile ndogo za kukaa juu ya meza ambazo unazijaza maji kwa jagi, kama lita 5, hazitaki bomba kabisa, zinatosha vyombo vya watu wawili watatu. Kwa mtu aliyepanga chumba na sebule pale Chikongola au Shangani hiyo inaeleweka kuliko kubwa.

Umeme sasa. Mashine ya kawaida inakula kama uniti 1 kwa mzunguko mmoja, kazi kubwa ni kuchemsha maji. Ukiosha kila siku hiyo ni kama uniti 30 kwa mwezi, na kama uko kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, friji na feni vikijumlishwa unaweza kuvuka, na ukivuka bei ya uniti inapanda sana. Piga hesabu hiyo kabla. Alafu kile kidude cha kulinda friji usikichomeke hapo bila kusoma ampea zake, mashine inavuta wati 2000 hivi, yani ampea 9 kwenda juu, vingi vya friji haviwezi.

Na vyombo vyenyewe je? Nyumba nyingi za huku vyombo vizito ni sufuria za alumini, vyungu, miiko na mbuzi ya nazi, na hivyo vyote haviingii kwenye mashine. Sabuni yake ni kali, alumini inakuwa nyeusi imefifia, mbao zinapasuka, chungu kinanyonya sabuni, visu vinapoteza makali. Kwa hiyo hata mwenye mashine ataosha sufuria kwa mkono, ndo maana naona kila mtu ajue kuosha kwa mkono vizuri, na hapa nitakaa kidogo.

Kosa kubwa ni kuosha koki ikiwa wazi. Koki yenye presha nzuri inamwaga lita 6 na zaidi kwa dakika, wakati mashine ya kisasa inatumia kama lita 10 mpaka 15 kwa mzunguko mzima, sasa hapo mkono unashindwa vibaya. Lakini ukitumia mabeseni mambo yanageuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani mwaka 2020 walilinganisha, mashine ikawashinda watu wanaoosha kwa koki, ila yule wa mabeseni mawili, moja la maji ya moto na sabuni na lingine la maji baridi ya kusuuzia, ndo alisababisha gesi chache za kuongeza joto la dunia kuliko wote. Yani ile namna ya bibi zetu na diaba lao uani.

Anza kwa kukwangua mabaki yote, wape kuku. Kisha loweka, na hapa watu wanakosea, ukoko wa ugali, wali, mayai na chombo kilichokuwa na samaki au pweza vyote vinaanzia MAJI BARIDI, ukimimina ya moto ugali unakuwa gundi na shombo inashika. Vya mafuta na tui la nazi ndo vinataka maji ya moto, hasa Juni na Julai kusi inapovuma na asubuhi kuna ubaridi, mafuta ya nazi yanaanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa maji ya baridi utasugua mpaka mkono uchoke na sahani bado inateleza.

Fuata mpangilio: glasi na vikombe, vijiko, sahani, mabakuli, mwisho sufuria. Ukianza na sufuria umeshachafua beseni zima. Maji ya sabuni yakiwa na mafuta juu mwaga ubadilishe, usibane hapo. Dodoki linatosha kwa vyombo vingi, sufuria tumia stilwaya au makumbi ya nazi na majivu, ila vile vya rangi nyeusi visivyoshika chakula usiviguse na stilwaya hata siku moja. Kama unapikia kuni, paka sabuni au majivu yaliyoloweshwa nje ya sufuria KABLA ya kuinjika, masizi yatatoka kwa kufuta tu. Shombo ikigoma, sugua na ndimu kisha suuza.

Maji ya kusuuzia yakiwa ya kisima au ya mto weka dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe isiyo na harufu ya manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 hivi, vyombo vikiwa vimeshaoshwa vikasuuzwa vikae humo dakika moja mbili. Tafadhali usiichanganye na ndimu wala siki, inatoa hewa ya sumu. Alafu vipange kichanjani juani vikauke vyenyewe, kitambaa kibichi cha jikoni kinarudisha uchafu wote uliotoa.

Kwenye shughuli za unyago na harusi ambapo sahani ni mamia, pangeni watu kwa diaba, mmoja anakwangua, mmoja sabuni, wawili wanasuuza, mmoja anapanga. Na jamani hii kazi wasiachiwe mabinti peke yao, vijana wa kiume wana mikono pia, wafundishwe wakiwa wadogo.

Nani basi anunue mashine? Nyumba ya watu wengi yenye maji ya uhakika, mama anayetoka kazini jioni, mwenye maumivu ya mgongo au mikono, na zaidi wenye gesti na migahawa. Hata Josephine Cochrane wa Marekani aliyepata hataza, yani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake mwaka 1886 na kuionyesha kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, wateja wake wa mwanzo walikuwa mahoteli, majumbani ilichukua miaka mingi sana kuzoeleka.

Ukishanunua, usisuuze vyombo kabla, kwangua tu, la sivyo unatumia maji mara mbili. Vikombe juu, vimeinamishwa, sahani chini zikitazama katikati, na zungusha kwa mkono ile mikono ya kurushia maji uone haigongi kitu. Subiri ijae ndo uwashe. Tumia mzunguko wa kubana matumizi hata kama unachukua masaa matatu, uwashe usiku. Sabuni ya kuoshea kwa mkono usiweke humo, povu litajaa mpaka sakafuni. Na kabla hujalipia uliza madukani kama sabuni yake na chumvi yake vinapatikana hapa hapa Mtwara mjini au Lindi, ukiona ni vya kuagiza Dar nunua vya miezi kadhaa kabisa. Chujio la chini litoe kila wiki ulisafishe kwa mswaki wa zamani, mabaki ya dagaa yakikaa humo na joto la huku siku mbili tu jikoni hapakaliki.