Jinsi ya kuangalia muvi ya huzuni inayochekesha bila kugombana na uliyeangalia naye

Kuna aina ya muvi ambayo mtu amefiwa, au kazi imeota mbawa, au ndoa ndo inamfia mkononi, halafu hakuna anayepiga kelele, hakuna muziki wa kukwambia hapa lia hapa cheka, watu wanaongea maneno matatu wananyamaza, na katikati ya ule ukimya kuna kitu kinachekesha. Ikiisha mmoja anasema kapotezewa saa mbili zake, mwingine anafuta machozi, wa tatu anasema mbavu hana. Na wote mlikaa mbele ya skrini moja.

Mimi nazipenda sana hizi muvi na nimeshagombana na watu kwa ajili yake, ndo maana naandika hivi nilivyojifunza.

Kilichonifungua macho ni siku nimeangalia moja na dada yangu. Kuna kipande jamaa yuko makaburini wanamzika mama yake, mvua inanyesha, ana mwamvuli umeharibika na anahangaika kuufunga, haufungi, anajaribu tena, haufungi, watu wanamwangalia tu na kamera haijasogea hata kidogo. Nikacheka kwa sauti. Dada akanigeukia akaniambia unacheka nini wewe, mtu anazika mama yake. Akanyamaza mpaka mwisho wa muvi. Siku mbili baadaye ndo akanambia kwamba yeye kwenye ule mwamvuli aliona mikono inayotafuta kazi ya kufanya ili mtu asianguke, maana na yeye alishasimama hivyohivyo siku ya msiba wa rafiki yake, anakunja kunjua leso tu. Nikamwelewa. Na kicheko changu nacho hakikuwa cha dharau, nilicheka kwa sababu nilimwonea huruma yule jamaa na dunia ilivyomkatalia hata kitu kidogo kama mwamvuli.

Sasa kwa nini inatokea hivi, hapa inabidi uelewe kidogo kabla ya kuanza kulaumu watu. Miaka zaidi ya mia iliyopita Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mkavu hauoneshi kitu, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Uso ni uleule, lakini habari inayosimuliwa mpaka leo kwa wanaosoma filamu ni kwamba watazamaji waliona njaa, wakaona msiba, wakaona mapenzi, na wakamsifu kwa kuigiza vizuri. Maana yake uso ukinyamaza mtazamaji anaujaza mwenyewe. Muvi ya kelele inakujazia yenyewe, steringi analia, vinanda vinalia, na wewe unajua pa kuingia. Hii ya kimyakimya inakuachia nafasi, na kila mtu anajaza kwa alichonacho moyoni siku hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hakuna kitu mule ndani, usimwone mjinga, inawezekana kabisa siku ile hakuwa na cha kujazia au alichonacho ni kizito mno hakutaka kukigusa.

Kabla hamjaanza, acha kuitangaza muvi kama komedi. Hili ndo kosa kubwa na limeniharibia jioni nyingi. Ukimwambia mtu njoo ucheke, atakaa anasubiri kucheka, na kila dakika inayopita bila kicheko anaihesabu kama deni. Trela nazo zinachangia, zinaokota vichekesho vyote vitano vya muvi nzima zinavibandika kwenye dakika mbili na muziki wa shangwe juu yake. Hata tuzo zenyewe zinahangaika na majina haya, Golden Globe wana fungu la drama na fungu la komedi na muziki, na mwaka 2016 filamu ya mwanaanga aliyeachwa peke yake sayari ya Mars ilishinda upande wa komedi, watu walibishana sana. Mimi siku hizi nasema hivi tu: ni stori ya mtu aliye kwenye wakati mgumu, inakwenda taratibu, kuna sehemu utacheka na kuna sehemu hutajua ufanye nini. Basi. Usimalize uhondo kwa kusimulia zaidi ya hapo. Na kama mwenzako ametoka kwenye msiba juzijuzi, au anapita kwenye kitu kilekile kilichomo kwenye muvi, mwambie mapema aamue mwenyewe, hilo ni jambo la utu.

Wakati wa kuangalia, simu weka mbali. Najua kila mtu anasema hivi kwa kila muvi lakini kwenye hizi ni lazima kwelikweli, kwa sababu kichekesho kinaweza kuwa ni mtu kachelewa kujibu sekunde nne, ukiinamia simu sekunde nne zile zimepita na wewe unabaki na watu wawili waliokaa kimya mezani. Angalia mikono, angalia vitu, angalia nani yuko nyuma kabisa ya picha anafanya nini. Kuna waongozaji wanaojenga filamu nzima kwa namna hiyo, Roy Andersson wa Sweden anaweka kamera sehemu moja haisogei, kipande chote kinapita mbele yake kama mchoro ukutani, na ukizoea unaanza kucheka na mtu aliyesimama pembeni wala hahusiki, na filamu yake moja ya aina hiyo ilibeba Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2014. Aki Kaurismäki wa Finland yeye waigizaji wake hawakenui meno, wanatamka mambo ya kuvunja moyo kama wanasoma ratiba ya treni, na ni mtu mzuri wa kuanzia naye kwa sababu filamu zake ni fupi, ile ya 2023 iliyopata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes ni dakika 81 tu. Mgeni wa hizi kazi usimwanzishie na kitu cha saa tatu, utamkimbiza.

Halafu suala la mnaangalia wangapi, hili watu wanalipuuza. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Provine alitafiti kicheko miaka mingi, akakuta watu wanacheka karibu mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Sasa muvi ileile, ukiiona kwenye ukumbi uliojaa ambapo mtu mmoja wa nyuma kaguna kicheko na safu nzima ikafuata, utatoka unasema ni komedi, na ukiiona peke yako usiku utatoka unasema ni ya huzuni tupu. Wote mko sahihi. Kwa hiyo kabla ya kubishana ulizaneni kwanza, uliionea wapi na ulikuwa na nani.

Ikiisha, nyamaza. Acha majina yapite hadi mwisho, usirukie kuuliza vipi umeionaje, maana hilo swali linamlazimisha mtu kutoa hukumu wakati bado hajui alichokiona, na akishasema "inaboa" atailinda kauli yake usiku mzima hata kama ndani ameanza kubadilika. Uliza kitu kidogo. Ulicheka wapi? Wapi ulitaka kugeuza macho? Yule mama pale mlangoni unadhani alijua? Maswali ya namna hii mtu anajibu kwa kipande, sio kwa muvi nzima, na hapo ndo mnagundua mlitazama vitu viwili tofauti kwenye kipande kimoja.

Na neno inaboa lenyewe lichimbe, lina mambo mengi ndani yake. Kuna anayemaanisha stori haikwenda popote, huyo anapenda tukio lizae tukio na ana haki yake, mwoneshe kilichobadilika kati ya mwanzo na mwisho (mara nyingi ni kidogo, mtu mwanzoni alikuwa hapokei simu ya mwanaye na mwishoni anapokea) na kama bado haimtoshi basi. Kuna anayemaanisha imenipa huzuni na sikuja kutafuta huzuni, huyo usimbishie kabisa. Na kuna anayemaanisha muvi inawacheka watu wenye shida, na hili mimi nalichukulia kwa uzito kuliko yote kwa sababu wakati mwingine ni kweli, zipo filamu ambazo mwongozaji anawaangalia watu wake kwa juu, anawafanya wajinga ili mtazamaji ajione mwerevu. Kipimo changu ni hiki, je, yule mhusika amepewa hata dakika moja ya heshima, kitu anachokiweza, kitu anachokipenda, au yeye kazi yake ni kudondoka tu? Kama hakupewa, mwenzako ana hoja.

Usikimbilie asilimia za mtandaoni kumaliza ubishi. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, sio alama ya uzuri, ni sehemu ya wahakiki walioikubali kwa ujumla, hata kama kila mmoja kaikubali kwa shingo upande. Na CinemaScore, kampuni ya Marekani ya kukusanya maoni, wanauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, wanatoa herufi kutoka A+ hadi F, kwa hiyo inapima zaidi kama watu walipata walichoahidiwa. Filamu ya kimyakimya iliyouzwa kama komedi ikipata herufi mbaya pale sishangai, walionunua tiketi walikuja kwa ahadi nyingine.

Mwisho, kama ilikugusa na mwenzako hakuipenda, usimlazimishe kurudia. Wewe irudie mwenyewe baada ya muda, mwaka hivi, kwa sababu wewe ndo utakuwa umebadilika. Ile ya mwamvuli niliirudia peke yangu baada ya kumzika mtu wangu wa karibu. Nilifika kipande kilekile, jamaa akaanza kuhangaika nao, na nikajikuta nacheka tena, ila safari hii huku nalia, nikampigia dada simu usiku uleule.