Jinsi ya kuomba ukaguzi wa zimamoto kwa jengo lenye sprinkla, na kuzijaribu bila kuharibu mali za watu

Kama unasimamia jengo hapa Dar na kwenye dari kuna sprinkla, yaani vile vichwa vya bomba vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukiwaka, siku ya kuomba ukaguzi wa watu wa faya usidhani ni suala la karatasi tu. Wengi tunaanza na barua, mkaguzi anapangiwa siku, halafu ndo tunakumbuka mfumo haujaguswa tangu jengo lifunguliwe, tunaanza kukimbizana na mafundi usiku. Geuza mambo: jaribu kwanza, rekebisha, ndo upeleke maombi.

Kitu cha kwanza ambacho nawaambia wenye majengo kila mara, sprinkla hazifunguki zote kwa pamoja kama kwenye muvi. Vichwa vingi vina kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani, chekundu kinapasuka joto likifika nyuzi 68, cha kijani 93, na kinachopasuka ni kile tu kilichopata joto, vingine vinabaki vilivyo. Kwahiyo fundi akikwambia anapima kwa kiberiti mtoe nje hapohapo, maana kikishapasuka hakirudi, na maji yatamwagika mpaka mtu akafunge valvu. Kuna koki maalumu za kujaribia, nitafika huko.

Pita kwanza kila ghorofa ukiangalia juu. Kichwa kilichopakwa rangi na mafundi rangi hakikwanguliwi wala hakisafishwi, kinabadilishwa. Maboksi ya stoo yasifike karibu na kichwa, acha kama sentimita 45 chini yake, la sivyo maji yatagonga boksi na moto utaendelea kula pembeni. Cheki pia kama kuna vichwa vya akiba na spana yake, vinawekwa kwenye kiboksi chumba cha pampu, na mara nyingi utakuta kiboksi kipo ila ndani hamna kitu.

Halafu taarifu watu. Wapangaji wote, walinzi, na kama alamu yenu imeungwa kwenye kampuni ya ulinzi wapigie kabla, wasije wakatuma gari. Bandika karatasi kwenye lifti siku moja kabla. Na mchague mtu mmoja ambaye likitokea la kweli siku hiyohiyo yeye ndo anapiga 114 ya faya, maana kila mtu atakuwa anadhani ni majaribio.

Sasa chumba cha pampu. Utaona valvu kubwa yenye gurudumu, geji ya kusoma presha ya maji, na bomba la kutolea maji, mara nyingi la inchi 2. Kabla hujagusa chochote lifuate hilo bomba kwa macho mpaka uone linaishia wapi. Mi nilishawahi kufungua bila kufuata, lilikuwa linaishia nyuma ya ukuta wa stoo ya mama mmoja anayeuza vitenge, maji yakatoka meusi kabisa yananuka kama yai viza, maana yamelala kwenye bomba miaka, yakaingia kwenye marobota ya chini. Yule mama alilia mbele yangu, na ilikuwa haki yake. Tulimlipa, ila mzigo wa msimu haulipiki wote.

Ukishajua maji yanakwenda wapi, andika geji inasoma ngapi, fungua koki ya kutolea polepole mpaka mwisho, subiri presha itulie, andika tena, kisha funga polepole na uangalie inachukua muda gani kurudi ilipokuwa. Linganisha na namba za mara ya mwisho. Presha ya maji yakitembea ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 kuliko mara iliyopita kuna kitu, bomba limeziba au kuna valvu haijafunguka yote, usiendelee na maombi mpaka ujue.

Kipimo cha pili kiko mwisho kabisa wa mfumo, kwa kawaida ghorofa ya juu kwenye ngazi au karibu na choo, koki ndogo yenye tundu linalotoa maji sawa na kichwa kimoja. Mtu mmoja akae juu na simu, mwingine kwenye paneli ya alamu. Fungua, anza kuhesabu. Alamu inatakiwa ilie ndani ya sekunde 90, na presha ikishuka pampu ziwake zenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Pampu kubwa ya umeme iache itembee dakika 10, ya dizeli dakika 30, sikiliza mlio, shika uone kama inachemka kupita kiasi. Tanki nalo liangalie, maana maji ya bomba hapa mjini yanakatika na majengo mengi tanki la moto ndo hilohilo la vyoo, basi bomba la matumizi litoke juu ya tanki na la moto litoke chini, ili watu wakimaliza yao ya moto yabaki.

Baada ya hapo inakuja sehemu ninayoiogopa kuliko zote, kuhakikisha valvu kubwa imeachwa wazi. Takwimu za NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto, zinaonyesha sprinkla zikishindwa kufanya kazi kwenye moto, sababu inayoongoza ni kwamba mfumo ulikuwa umefungwa. Na geji inaweza kukudanganya. Kuna jengo nililipokea geji ya juu inasoma vizuri tu, kumbe fundi alifunga valvu akaondoka, presha ikabaki imenaswa ndani ya bomba, ghorofa zote baada ya valvu hiyo hazipati maji na hakuna aliyejua. Nilipofungua koki ya kutolea nikapata maji kidogo, yakakata. Nilikaa chini nikawaza watu wanaofanya kazi humo kila siku. Kwahiyo angalia shafti yenye tredi katikati ya gurudumu, ikiwa imetoka nje ndefu valvu imefunguka, ikiwa imezama imefungwa. Kisha rudia kile kipimo cha kwanza.

Ukimaliza ndo maombi. Andika barua kwenda kwa kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wa eneo lako, taja jengo lilipo, ghorofa ngapi, linatumika kwa nini, na namba ya simu ya mtu atakayempokea mkaguzi. Ambatanisha rekodi ya vipimo vyako na ramani ya mfumo kama unayo. Malipo ni kwa kontrol namba, benki au kwenye simu, usimpe mtu keshi mkononi, na tunza risiti. Nguvu ya ukaguzi inatoka kwenye Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kwahiyo mkaguzi akikuandikia marekebisho usibishane naye mlangoni, muulize akuonyeshe kwa kidole, rekebisha, omba arudi.

Siku yenyewe fundi wako awepo, funguo zote ziwepo, hata za paa. Mkaguzi akitaka koki ifunguliwe, mnafungua. Akishaondoka usipande ofisini kwanza, rudi chumba cha pampu, angalia shafti, piga mnyororo na kufuli kwenye gurudumu likiwa wazi, andika saa kwenye daftari na usaini.