Kabla hujalipa dipositi: kutafuta nyumba Nairobi ukiwa mpenzi wa jinsia moja

Wengi huanza kwa kuuliza mtaa. Kilimani au Roysambu, South B au Rongai, wapi hawasumbui watu? Swali lenyewe si baya, ila jibu lake ni fupi. Mitaa yenye wapangaji wanaokuja na kuondoka, wanafunzi, wafanyakazi wa zamu na wageni kutoka nchi jirani, huchunguzana kidogo kuliko mitaa ambayo familia zilezile zimekaa miaka 20. Zaidi ya hapo, jina la mtaa halitakusaidia sana, kwa sababu utaishi ndani ya ploti moja, yenye geti moja na msimamizi mmoja. Hao ndio wa kuchunguza.

Sheria nayo uijue kabla ya kuanza kutembea, maana wengi huiogopa pasipostahili na kuisahau panapostahili. Vifungu 162, 163 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya vinaadhibu vitendo vya ngono, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini hakuna kifungu kinachomkataza mtu kuwa shoga au msagaji, wala kinachowakataza wanaume wawili au wanawake wawili kukodi nyumba pamoja. Anayekuambia eti sheria hairuhusu mkae hapo anakutisha tu.

Kinachokuacha wazi zaidi ni upangaji wenyewe. Sheria ya udhibiti wa kodi inawalinda wapangaji wanaolipa hadi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba za bei hiyo mjini ni chache mno. Waliobaki wanategemea mkataba wao, na kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi notisi ya mwezi mmoja yatosha kumwondoa bila maelezo marefu. Kwa hiyo usome mkataba kabla ya kutuma pesa, si baada. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni muda wa notisi. Ukipata miezi miwili, afadhali. La pili ni ile sentensi inayosema mpangaji ataondolewa mara moja na kupoteza dipositi akionekana na “tabia mbaya” au “kukiuka maadili”. Omba ifutwe, au iandikwe wazi ni tabia gani: kelele baada ya saa nne usiku, kuharibu mali, kutolipa kodi. Mwenye nyumba asiye na nia mbaya hukubali bila kuuliza mengi, kwani hata mpangaji mwingine yeyote angeomba hivyo.

Sasa nenda kaione nyumba, na uione mara tatu: siku ya kazi mchana, Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi. Mchana utaona maji na mwanga. Jumamosi utaona nani hukaa ngazini na anawasema akina nani. Jumapili utasikia mahubiri. Ploti nyingi zina kanisa chini au kando yake, na kipaza sauti kinachohubiri habari za mashoga kila wiki kitakuchosha roho hata kama hakuna anayekujua. Hilo watu hulipuuza wakati wa kutafuta, kisha huhama kwa ajili yake.

Ukiwa hapo, tazama mambo ambayo watafuta nyumba wengine hawayatazami. Mlango wako unatazamana na wa nani? Mlango wa mwisho wa koridoo, au ulio karibu na ngazi ya pili, ni bora kuliko wa katikati unaopitwa na kila mtu. Gonga ukuta wa chumba cha kulala kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa ngoma, ukuta ni mwembamba na jirani atasikia hata simu yako. Ukisikia mlio mfu, ni jiwe. Uliza mita ya stima ni yako peke yako, yenye tokeni zako, au ni ya kushirikiana, maana mita ya pamoja humpa msimamizi sababu ya kuingia kwako kila mara. Na maji: yakitoka bombani ndani ya nyumba, sawa. Yakichotwa uani kwa mitungi, jua kwamba foleni ya maji ndiyo baraza la ploti, na mambo yako yatapita hapo.

Mtu muhimu kuliko mwenye nyumba ni msimamizi, yule ambaye wote humwita keateka. Yeye ndiye ana ufunguo wa akiba, ndiye hupokea malalamiko, na neno lake kwa mwenye nyumba ni zito. Kaa naye dakika 10 na umwachie aongee. Swali moja lina faida kuliko yote: “Aliyekuwa humu alihama kwa nini?” Akisema alipata kazi Nakuru, vizuri. Akianza kumsema, kwamba alikuwa analeta watu ovyo, kwamba hakueleweka ni wa aina gani, hayo ndiyo atakayomwambia mpangaji ajaye kukuhusu wewe. Uliza pia kama kuna wanawake wanaoishi peke yao wanaorudi usiku kutoka kazini, na wanatendewaje. Ploti inayomheshimu mwanamke wa namna hiyo, kwa kawaida imejifunza kuachana na ya wengine. Na kama mwenye nyumba mwenyewe anaishi ndani ya ua huo pamoja na familia yake, sisi tungeendelea kutafuta kwingine, hata kama bei ni nzuri.

Getini angalia kitabu cha wageni. Vingine huandika jina tu. Vingine huandika jina, namba ya kitambulisho, nyumba anayokwenda na saa ya kutoka, na kitabu hubaki wazi mezani kwa yeyote anayepita kusoma. Kitabu cha namna hiyo ni historia ya maisha yako ya faragha iliyoandikwa kwa mwandiko wa soja.

Mkiwa wawili, chagueni kwa makini zaidi. Vijana wawili kugawana nyumba Nairobi ni jambo la kawaida kwa sababu ya gharama, na hakuna anayeshangaa. Bedsita yenye kitanda kimoja ndiyo huanzisha maswali, hasa mkishapita miaka 30. Kama mfuko unaruhusu, nyumba ya vyumba viwili hulijibu swali kabla halijaulizwa. Majina yote mawili yawe kwenye mkataba. Jina likiwa la mmoja na mkakosana, au mmoja akakamatwa, mwingine atajikuta nje bila haki hata ya kochi. Wanawake wawili hushukiwa kidogo, lakini husumbuliwa kwa njia nyingine: wataulizwa waume wako wapi, na watapata wanaume wa ploti wanaodhani wana kibali cha kubisha hodi. Kwao kitasa imara na jirani mwanamke wa kuaminika ni vitu vya kuangalia mapema, pamoja na njia ya kutoka stejini hadi getini yenye taa.

Fomu ya mpangaji ina mstari wa jamaa wa karibu. Usiandike mama kwa mazoea. Zogo likitokea, namba hiyo ndiyo itakayopigiwa kwanza, na wapo walioanikwa kwao kijijini kwa njia hiyo. Andika binamu au rafiki anayekujua vizuri na aliyekubali. Mkuu wa Nyumba Kumi naye akija kukufahamu, usimkwepe. Mpango huo wa majirani kulinda usalama ulianza mwaka 2013 na kuuliza wapya ni kazi yake. Mwambie jina na kazi, basi. Anayejificha ndiye hufuatiliwa.

Wageni unaowajulia kwenye simu wasiijue nyumba hii mapema. Baadhi ya programu za kutafuta wachumba huonyesha umbali kwa mita, nawe ukiwa ndani ya ploti, mtu akizunguka kidogo ataligundua jengo. Zima kipengele hicho. Kutaneni mara ya kwanza mahali pa watu wengi, mchana, mbali na kwako. Wanaofanya kazi ya kunyang'anya kwa vitisho hutaka kwanza kujua mlango wako, kisha jina la keateka wako. Wakikutisha, usilipe, maana malipo ya kwanza huwaonyesha kwamba unalipika. Hifadhi ujumbe na namba zilizotumika, kisha tafuta wakili. NGLHRC, shirika la haki za mashoga na wasagaji, hutoa msaada wa kisheria kwa watu wetu, nayo GALCK ni muungano wa vikundi vyetu vingi. Zijue namba zao kwa kichwa, kwani simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Ukikamatwa, Katiba kifungu cha 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Kuna pia suala la msimu. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba NGLHRC ina haki ya kusajiliwa, hali ilichafuka kwa miezi mingi, na Septemba mwaka huo watu waliandamana Mombasa kuupinga uamuzi huo. Wakati wa joto kama hilo usihamie ploti mpya ukiweza kungoja, kwa sababu mgeni huangaliwa mara mbili. Anayekimbia Uganda baada ya sheria ya kupinga ushoga ya Mei 2023 hana nafasi ya kungoja. Yeye ashughulikie karatasi za ukimbizi mapema, maana soja wengi humdai kitambulisho hata kabla ya kumwonyesha chumba.

Pesa ya kuondoka itenge siku ileile unayoingia. Kwa nyumba ya 12,000, kuingia kwingine kutahitaji kodi 12,000 na dipositi 12,000, jumla 24,000, bado pikapu ya kuhamisha vyombo. Usiihesabu dipositi ya nyumba unayotoka. Ukiondolewa kwa zogo, hairudi upesi. Asiyeweza kuweka yote aanze na nauli na siku tatu za malazi, na awe na watu wawili aliokubaliana nao kwamba anaweza kubisha hodi saa nane usiku. Vitambulisho, vyeti na dawa za mwezi mmoja vikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.

Kabla ya kulala humo usiku wa kwanza, badilisha kitasa. Omba ruhusa kwa sababu ya wizi, nunua silinda mpya yenye funguo tatu, na uhesabu funguo zote mbele ya fundi. Ile silinda ya zamani ifunge kwenye karatasi uiweke. Utairudisha mlangoni siku ya kuhama, ili wasiikate kwenye dipositi yako.