SOMO: Namna ya kujaribisha prototaipu kwa watumiaji wenyewe

Wakuu, mbukwenyi. Wiki hii watu wanne wamenifuata inboksi na swali lilelile: "Nimemaliza prototaipu ya programu ya simu, sasa nitajuaje kama inafaa?" Naandika mara moja. (Prototaipu ni mfano wa awali wa programu, wa kujaribia kabla ya kuikamilisha.) Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mfano wangu ni programu tuliyotengeneza ya kuwakutanisha wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, na wanunuzi.

1. Andika swali moja. "Je, programu ni nzuri?" si swali. "Je, mkulima anaweza kutangaza kilo 200 za zabibu bila kuelekezwa, na asipoweza, anakwamia wapi?" Hilo ni swali.

2. Tafuta watu watano. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya kasoro. Ukipiga hesabu, watano wanakufikisha kwenye asilimia 85 hivi, na baada ya hapo unaanza kuona yaleyale. Wawe wahusika wenyewe. Rafiki zako wa hosteli pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hawauzi zabibu. Ukiwa na wakulima na madalali, hayo ni makundi mawili, kila moja na watano wake.

3. Kazi utakayompa mtumiaji iandike kama kisa. "Una kilo 200 shambani, unataka mnunuzi ajue kabla ya Jumamosi." Usitumie maneno yaliyoandikwa kwenye kioo, maana utakuwa umeshampa jibu.

4. Omba ridhaa. Sauti na sura ya mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania inatumika tangu Mei 1, 2023. Mweleze unarekodi nini, nani ataona, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote.

5. Anza na mtu mmoja wa majaribio. Matokeo yake usiyahesabu.

6. KAA KIMYA, MIKONO YAKO IWE MBALI NA SIMU. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo msome taratibu.

Mara ya kwanza nilikaa na mama mmoja chini ya mti. Alijaza kila kitu: aina ya zabibu, kilo, bei. Kidole gumba kikafika juu ya kitufe cha "Tuma", kikabaki hewani. Akakiondoa. Akafuta kioo kwa upindo wa kanga, akakirudisha, kikabaki hewani tena. Sikuvumilia. Nikanyoosha mkono: "Bonyeza hapo tu, mama." Akabonyeza, akasema, "Nzuri sana, mwanangu." Nikaandika kwenye daftari: kazi imekamilika. Wote watano niliwafanyia hivyo, na wote watano niliwaandika wamefaulu.

Tulipowaachia watu programu bila sisi kuwepo, matangazo yakawa yanajazwa mpaka mwisho na hayatumwi. Nikarudi kwa yule mama, nikamuuliza siku ile alikuwa anawaza nini. Akanijibu: "Kutuma si pesa? Niliogopa itanikata salio." Tukabadilisha kitufe kikawa "Weka sokoni". Jibu hilo lilikuwa mbele ya macho yangu siku ya kwanza, nikalifunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo:
- Kaa kidogo nyuma ya bega lake, uone kidole.
- Mwombe aseme kwa sauti anachowaza. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mrudishie: "Wewe unaonaje, mama?"
- Usiseme wewe ndiye uliyeitengeneza. Mtu mwenye heshima zake hatakusema vibaya usoni, na "nzuri sana" haikusaidii kitu.
- Mwenyekiti wa kijiji akishawakusanya watu, mshukuru, kisha umwombe akae mbali. Mbele yake hakuna atakayekubali kwamba hajaelewa.
- Ukiona mtu anafadhaika, simamisha. Mwambie wazi kosa ni la programu. Hajaja kufanyiwa mtihani.

7. Andika ulichoona, tafsiri baadaye. "Kidole kilisita mara mbili juu ya Tuma", siyo "hajazoea simu".

8. Ukitaka alama, tumia SUS (System Usability Scale, dodoso la kupima urahisi wa kutumia programu) ya John Brooke, ya mwaka 1986. Ni sentensi 10, mtu anajibu 1 (sikubaliani kabisa) hadi 5 (nakubaliana kabisa). Za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Za namba shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Jumla ikiwa 30, alama ni 75. Hiyo si asilimia, na wastani unaotajwa sana ni 68.

9. Rekebisha, urudi na watano wengine.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana_Nzuguni: Mkuu kwa kifupi ni watu wangapi? Na nikiwapigia tu simu niwahoji?

Mleta somo: Hatua ya 2. Kwa simu huoni kidole.

Mtakwimu_Makole: Watano?? Msimamizi wangu anataka 100. Hii si sayansi.

Mleta somo: Sijasema watano wanapima, nimesema wanafichua kasoro. Ukiandika "asilimia 80 ya wakulima walifaulu", msimamizi wako yuko sahihi, watano hawatoshi. Ukiandika "kitufe kinaogopesha", huhitaji 100 kulijua hilo.

Fundi_Ipagala: Naomba dodoso lako nitumie kwenye yangu.

Mleta somo: Kazi zinatoka kwenye swali lako. Hatua ya 1 na ya 3.

Binti_Chamwino: Samahani kaka, bibi zetu wanawaza kwa Kigogo. Nikiwaambia waseme wanachowaza kwa Kiswahili, wananyamaza kabisa. Na wengine hawasomi.

Mleta somo: Asante dada, hili nilipaswa kuliweka juu. Waache waseme Kigogo, rekodi, tafsiri ifanyike baadaye. Mkalimani akikaa katikati ataanza kuelekeza. Njia nyingine, weka wawili wanaojuana kwenye simu moja: wataelezana wenyewe, nawe unasikiliza tu. Kwa wasiosoma, anza na prototaipu ya karatasi yenye picha. Bibi anagusa mchoro, wewe unambadilishia ukurasa. SUS wasomee kwa sauti, na uwe makini na sentensi za kukanusha. "Sikubaliani kwamba ni ngumu" inamchanganya hata aliyesoma.

Mama_Alizeti: Mimi nilishawahi kuitwa kwenye zoezi kama hilo. Tulikaa toka saa mbili mpaka saa saba, nauli tukapewa mwishoni, na aliyeshindwa alipewa pungufu.

Mleta somo: Pole sana mama, walikosea. Nauli itolewe mwanzoni, sawa kwa wote, na kila mtu apewe saa yake ya kufika. Umenikumbusha saa: prototaipu yetu iliandika 14:00, wakulima wakatafuta saa nane hawakuiona.

Fundi_Ipagala: Nyongeza: kaeni kivulini na mwanga wa kioo upandishwe mpaka mwisho. Juani hawaoni kitu, mtadhani hawaelewi.

Mleta somo: Kweli kabisa. Asante, fundi.

Binti_Chamwino: Na upepo wetu huu kaka, karatasi si zitaruka zote?

Mleta somo: Zitaruka. Gundisha kila ukurasa kwenye kipande cha katoni, na ubebe kokoto za kuwekea juu.