Shimesikio iliyozima ni kizibo: ukaguzi wa asubuhi darasani

Somo hili ni la walimu wa shule za msingi wa Lindi na Mtwara wenye mtoto mmoja au wawili wanaovaa shimesikio (kifaa kinachomkuzia sauti asiyesikia vizuri), hasa ile inayokaa nyuma ya sikio. Mtaalamu wa usikivu yuko mbali na humwona mtoto mara chache kwa mwaka. Wewe unaye siku tano kwa wiki.

Shika kwanza jambo hili. Moldi, yaani ile plastiki laini inayoingia sikioni, hutengenezwa izibe tundu la sikio barabara. Betri ikiisha, mtoto hakosi msaada tu: hata kile kidogo ambacho angekisikia kwa sikio tupu hakipati. Na wa darasa la kwanza au la pili mara nyingi hasemi. Hukaa kimya, huchungulia daftari la jirani, naye huandika hivyo hivyo. Mwisho wa muhula anaitwa mzito wa kuelewa, kumbe tatizo lilikuwa betri.

Andaa kasha moja la vifaa: betri za akiba, kitambaa kikavu, brashi laini, kipulizio kidogo cha mpira, kipima betri, na stetoklipu (mrija wa kusikilizia unaofanana na ule wa daktari, ila huchomekwa kwenye moldi). Ongeza daftari dogo. Kazi yote ni dakika tano kwa mtoto, kabla ya kipindi cha kwanza.

Hatua ya 1. Tazama kwa macho. Alama nyekundu ni ya sikio la kulia, ya bluu ni ya kushoto. Tundu la moldi liwe wazi. Nta ikiziba, itoe kwa brashi huku tundu likitazama chini, la sivyo unaisukuma ndani. Mrija unaotoka kwenye moldi uwe laini na usiwe na matone ya maji. Ukiwa wa njano na mgumu umeshachoka. Huo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na kwa joto letu usitegemee sana hiyo sita.

Hatua ya 2. Betri. Hizi ni betri za zinki zinazotumia hewa, na saizi hutambulika kwa rangi ya kibandiko: 10 ni njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Shimesikio za nyuma ya sikio wanazovaa watoto mara nyingi hutumia 13 au 675. Ukishabandua kibandiko, iache betri wazi dakika tatu hadi tano ndipo uifunge ndani, maana ndipo hewa inaingia kwenye vitundu vyake. Ukiharakisha, betri huanza kazi ikiwa dhaifu. Kukibandika tena kibandiko jioni hakusaidii kitu, kwa sababu kazi ya kemikali imeshaanza.

Hatua ya 3. Sikiliza mwenyewe. Chomeka stetoklipu, punguza sauti, kisha tamka maneno machache kwa sauti ya kawaida. Mkwaruzo humaanisha unyevu au uchafu penye mguso wa betri. Sauti inayokatika ukikitikisa kifaa ni kazi ya fundi. Huna stetoklipu? Kikumbatie kifaa kilichowashwa ndani ya viganja viwili. Kikipiga mluzi, kinawaka. Ila mluzi haukwambii kama sauti ni safi, na vifaa vipya vya kidijitali huuzima mluzi vyenyewe. Kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi kwamba kimekufa.

Hatua ya 4. Mvalishe. Moldi kwanza, izungushe kidogo mpaka ikae, kisha mwili wa kifaa juu ya sikio. Ikipiga mluzi ikiwa sikioni, ama haijakaa vizuri, ama mtoto amekua na moldi imekuwa ndogo. Kwa wasichana wanaovaa ushungi, kitambaa chepesi cha pamba hakina shida. Kizito na cha kubana husugua kipaza sauti (sehemu ya kifaa inayopokea sauti), na mtoto husikia kama mtu anakwaruza gunia mchana kutwa.

Hatua ya 5. Sauti sita. Hapa ndipo penye kiini cha ukaguzi, na ndipo wengi wanaporuka. Jaribio hili ni la Daniel Ling: m, u, i, a, sh, s. Sauti hizo sita zinatoka kwenye unene wa chini kabisa wa usemi mpaka wembamba wa juu. Simama mita moja, pembeni au nyuma kidogo ili asisome midomo. Usizibe mdomo kwa kiganja, kwani kiganja hubadilisha sauti. Mpe mtoto kokoto. Akisikia alitumbukize kwenye kopo. Mtoto mkubwa arudie sauti yenyewe. Changanya mpangilio, na nafasi kati ya sauti na sauti isilingane: mara sekunde mbili, mara nane. Ukienda kwa mdundo, atatumbukiza kwa mdundo. Pima sikio moja moja, ukiwa umezima la pili.

Andika matokeo. Mtoto mwenye upungufu mkubwa huenda hajawahi kuisikia s hata siku moja, na hilo si hitilafu. Unachotafuta ni badiliko kutoka kawaida yake mwenyewe. Amepoteza zote: betri, au tundu limeziba. Amepoteza s na sh: angalia unyevu au nta mrijani. Amepoteza m na u: mara nyingi moldi imelegea, sauti nene zinavuja.

Usiidharau s. Kwa Kiswahili herufi hiyo mara nyingi ndiyo inayobeba kukanusha. "Tatu ni namba shufwa" na "tatu si namba shufwa" kwa asiyeisikia s ni karibu sentensi moja. "Sitaki" inamfikia kama "itaki". Mtoto wa aina hii akijibu kinyume cha ulichouliza, kagua kifaa kabla hujakagua akili.

Darasani. Shimesikio hukuza kila kitu: sauti yako, madawati yanayokokotwa, na kelele za darasa la jirani. Inafanya kazi vizuri msemaji akiwa mita moja hadi mbili. Kila umbali ukizidi maradufu, sauti yako hushuka kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) sita hivi. Kwa hiyo mkalishe mbele, pembeni kidogo, akuone wewe na wenzake, mbali na dirisha la barabarani. Mwenye kifaa kimoja, sikio lenye kifaa lielekee kwako. Usiongee ukiwa umegeukia ubao. Mvua ikianza kupiga bati, acha kuzungumza, andika ubaoni, na darasa lote lifanye zoezi. Hapo hata wanaosikia vizuri hawakusikii.

Unyevu na vumbi. Pwani yetu, kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili, ndiyo adui mkubwa. Ongeza jasho la mtoto anayerudi kutoka mapumziko mbio. Kila usiku kifaa kilale ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza na punje za silika jeli, zinazonyonya unyevu na kubadili rangi zikishiba. Betri itolewe kwanza na ikae nje ya kopo: silika huikausha nayo na kuifupishia maisha. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi, zipoe, ndipo uzirudishe. Vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, kama vimelala wazi, vimeshashiba maji. Na mchele, ambao kila mtu huupendekeza, huacha unga kwenye vitundu vya kipaza sauti.

Moldi huoshwa mara moja kwa wiki, jioni. Ichomoe pamoja na mrija wake kutoka kwenye ndoano ya kifaa (kipande kilichopinda kinachokaa juu ya sikio), ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, puliza maji yatoke mrijani, iache ikauke usiku kucha. Spiriti usitumie, na mwili wa kifaa usiguswe na maji.

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mtoto akienda shambani avue kifaa akiache kwenye kopo. Unga wa salfa ni mwembamba, unaziba vitundu, na mngurumo wa mashine ya kupulizia ukikuzwa unaumiza sikio.

MASWALI YA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu wa darasa la pili, Nachingwea: Betri saizi 13 kwangu haifiki hata siku nne. Ni feki?

Jibu: Inawezekana, angalia kwanza tarehe ya mwisho kwenye kadi (pakiti ya betri). Ila uliza pia kama mlango wa betri hufunguliwa usiku. Wengi huuacha umefungwa na kifaa kinakesha kinafanya kazi. Betri ya 13 kwa kawaida huenda kati ya siku 6 na 14. Kwa makadirio, mtoto mwenye vifaa viwili, siku kumi kila betri, anamaliza kadi ya betri sita kwa mwezi. Usizihifadhi kwenye friji, zikitoka zinatokwa jasho.

Mzazi, Mikindani: Shikamooni walimu. Mwanangu ana shimesikio lakini sikio linatoa usaha. Nimvalishe?

Jibu: Marahaba mama. Usimvalishe upande huo mpaka atibiwe. Mpeleke kituo cha afya, usitie mafuta wala dawa ya kienyeji sikioni. Moldi ioshe vizuri kabla ya kuirudisha. Mwambie mwalimu, ili siku hizo mtoto akae upande ambao sikio zima linamwelekea.

Mwalimu, Tandahimba: Kuna vile vifaa vya bei rahisi vinavyouzwa mitandaoni. Na ndugu mmoja ametoa cha marehemu babu. Tumpe mtoto?

Jibu: Vyote viwili, hapana. Shimesikio hupangwa kwa kufuata kipimo cha sikio lenyewe. Cha babu kinaweza kuwa na nguvu ya kuharibu usikivu uliobaki. Kipeleke kwa mtaalamu; kikifaa atakipanga upya, na moldi itatengenezwa mpya.

Mzazi, Kilwa Masoko: Mdogo wake ana miaka miwili na hugusa kila kitu. Akimeza betri?

Jibu: Hospitali muda huo huo, usimtapishe, chukua na kadi ya betri uende nayo. Ikiwa puani au sikioni ni dharura vile vile. Omba kifaa chenye mlango wa betri unaofungwa kwa kufuli.

Mwalimu mkuu msaidizi, Ruangwa: Mtoto akipata shimesikio, tuache lugha ya alama ili azoee kuongea?

Jibu: Msiiache, mwalimu. Kifaa hakirudishi usikivu wa kawaida. Siku betri imeisha, mvua inapiga, au darasa lina kelele, Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo inayombakisha kwenye somo.

Mwalimu, Newala: Mtoto wangu huvua kila ikifika saa nne. Nimlazimishe?

Jibu: Saa nne ni mapumziko, kelele zimepanda. Tazama nyuma ya sikio kama pana mchubuko. Moldi inayochubua hurudishwa ikasawazishwe. Kama ngozi ni nzima, huenda sauti imepangwa juu mno. Andika siku tano mfululizo: saa aliyovua, mahali, kelele gani. Karatasi hiyo apewe mtaalamu, maana ndiyo itakayomwongoza kupanga kifaa upya.